Baraza Zifike Wiyoni

Maneno haya niliyasema ndani ya Ngome ya Lamu, mbele ya mafundi, wazee wa mitaa, kina mama na vijana. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nikaongeza kidogo pale ambapo muda ulinibana.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh, wazee wetu, mama zangu, mafundi, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma karibu na mlango: ahsanteni kwa kuitika mwito. Nimeombwa nizungumze juu ya usanifu wa majengo na upangaji wa mandhari katika maisha yetu ya kila siku. Najua mtu akisikia kwamba msanifu majengo atazungumza ndani ya Ngome, hutarajia habari za nakshi za milango. Milango yetu, alhamdulillahi, ina watetezi wengi, wa hapa na wa ng'ambo. Mimi leo nitasema juu ya mahali tunapokaa mbele ya milango hiyo, kivuli tunachopitia, maji yanayopita chini ya nyayo zetu, na ile mitaa mipya ambayo hakuna mgeni anayekwenda kuipiga picha.

Neno langu nalisema mapema, ili asiyeweza kukaa hadi mwisho aondoke nalo. Ujuzi uliojenga Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe wa mji wa kale, unahitajika zaidi leo katika mitaa mipya ya Wiyoni, Kashmiri, Kandahari na Bajuri kuliko unavyohitajika Mkomani kwenyewe. Mji wa kale wa Lamu ulilindwa kwa sheria ya nchi mwaka 1986, na mwaka 2001 Unesco ikauandikisha kuwa urithi wa dunia. Eneo lenyewe ni takriban hekta 16. Mtu akitoka asubuhi akatembea bila haraka atalimaliza kabla jua halijakuwa kali. Nje ya hekta hizo ndiko wengi wetu tunakolala, tunakolea watoto, tunakozikia wazee wetu. Huko ploti zinapimwa, kuta zinapanda, na sijamsikia mtu akiuliza watu watakaa wapi wakitoka nje.

Hebu tuanze na baraza moja. Chukueni ile ya kawaida kabisa, mbele ya nyumba ya mawe, kwenye usita, yaani kichochoro, unaoteremka kuelekea pwani. Urefu wake unafika gotini. Upana wake unamtosha mtu kukunja miguu akakaa kitako, mgongo ukiwa ukutani. Imepakwa chokaa, na ukingo wake umelainika kwa kukaliwa. Baada ya swala ya alfajiri wazee wanakaa hapo, na jua linachelewa kuwafikia kwa sababu ukuta wa mbele yao ni mrefu na njia ni nyembamba. Muuza kahawa anapita na dele lake, vikombe vikigongana mkononi. Watoto wa madrasa wanaegesha misahafu yao wakingojana. Mama anayetoka sokoni anaweka kikapu, anashusha pumzi, anaulizia hali ya mgonjwa wa nyumba ya tatu, anakwenda zake. Punda anapita na mchanga pande mbili. Waliokaa wanainua miguu, punda anapita, miguu inashuka, mazungumzo yanaendelea pale yalipokatika.

Katika nusu saa hiyo mtaa umejua nani anaumwa, nani amesafiri, mtoto wa nani hajaenda madrasa, na mgeni gani amepita mara mbili bila ya salamu. Hakuna aliyelipa wala aliyeomba ruhusa. Mwenye nyumba ndiye aliyenunua mawe na chokaa akaijenga kwa gharama yake, kisha akaiacha wazi kwa yeyote apitaye. Mimi naihesabu hiyo kuwa sadaka, na ni sadaka iliyopimwa kwa futi.

Sasa piga hodi uingie. Unapita kwenye daka, mahali pa kukaa pande mbili, mgeni na mwenyeji wakitazamana. Ukivuka mlango unakutana na tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia inakata kona kabla hujafika kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba. Kona hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko mlango. Mlango unaweza kubaki wazi mchana kutwa, upepo ukaingia, na mpita njia asione kitu. Sitara imepatikana bila kuzuia hewa. Ukifika kiwandani uko chini ya mbingu, na vyumba vimepangwa upande mmoja, kimoja nyuma ya kingine, virefu na vyembamba. Wembamba huo una sababu: boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari la mawe na chokaa kwa nafasi ya zaidi ya mita 3 hivi bila kupinda. Mti uliopatikana mikokoni ndio uliotupangia upana wa chumba, na fundi hakushindana nao. Nyumba nyingi zimeelekezwa kaskazini, ambako ndiko Kibla yetu iliko, na ndiko upepo wa kaskazi unakotokea kuanzia mwezi wa Disemba hadi Machi. Kusi ikigeuka, kuanzia Aprili, nayo inapata njia yake kupitia kwenye nyusita na kiwanda.

Nyuma ya misana, vile vyumba virefu vinavyofuata kiwanda, kuna chumba kiitwacho ndani, chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ambako bibi harusi alionyeshwa. Na nyuma yake kuna chumba kiitwacho nyumba kati. Wazee mliopo hapa mnajua: humo mtoto alizaliwa, na humo maiti alioshwa. Ndugu zangu, huyo aliyepanga nyumba hiyo alijiuliza maswali ambayo sisi tuliosoma vyuoni hatuyaulizi. Alijiuliza mzazi atajifungulia wapi kwa sitara. Alijiuliza siku ya kifo watu watapita wapi, maji yatamwagika wapi, na jamaa wa kike watakaa wapi. Nimeangalia ramani nyingi za nyumba za sasa, zikiwemo nzuri za gharama kubwa. Zina nafasi ya gari katika kisiwa ambacho watu wake wanatembea kwa miguu na punda, na hazina mahali pa kuoshea maiti. Siku ya msiba watu hufunga turubai uani, upepo ukavuma, na wafiwa wakashikilia ncha zake kwa mikono.

Na kina mama walikuwa na njia zao. Wikio, ule ujenzi unaovuka juu ya usita ukaunganisha nyumba mbili, wageni huuona kuwa pambo la mji. Kwa mwanamke wa nyumba ile ulikuwa njia ya kwenda kwa dada yake au kwa shemeji yake bila kushuka barabarani. Wanaume walikuwa na baraza, wanawake walikuwa na viwanda, wikio na dari. Sisemi kila kitu cha zamani kilikuwa cha haki. Nyumba za mawe zilikuwa za wenye nacho, na wengi katika mji huu waliishi kwenye vibanda vya udongo na makuti, wengine wakiwa watumwa. Hilo lisifichwe. Lakini fikra ya kwamba kila mtu, mwanamume na mwanamke, mkubwa na mdogo, apangiwe mahali pa kukutana na wenzake, hiyo ni mali yetu sote sasa, na hakuna sababu ya kuiacha kwa wenye nyumba za mawe peke yao.

Twendeni basi mitaa mipya, saa saba mchana.

Njia ni pana kidogo kuliko usita, na pande zote mbili kuna kuta za bloku au mabati. Hakuna mti. Hakuna ukingo wa kukalia. Mama amebeba ndoo mbili, anataka kupumzika, na mahali pekee penye kivuli ni chini ya upenu wa duka ambapo vijana wamejaa, naye hawezi kwenda kusimama katikati yao. Anaendelea. Nyumba yake ni ya vyumba vitatu, imesimama katikati ya ploti, imezungukwa na ujia mwembamba usiofaa kitu ila kuwekea mitungi na vyuma chakavu. Dirisha lake linatazamana na dirisha la jirani, hatua nne tu, kwa hivyo amelifunga na kuweka pazia zito. Sitara ameipata kwa kuufukuza upepo. Juu kuna mabati bila dari. Ndani ya chumba hicho mtoto mchanga amelala, na mama anampepea kwa kipepeo.

Namna hiyo ndiyo tunavyojenga. Na nawaomba tusimlaumu mama huyu wala mumewe. Mabati yalikuja na sababu. Moto wa makuti umeteketeza nyumba za watu katika mji huu mara nyingi, na gari la zimamoto haliwezi kupenya kwenye nyusita zetu. Mtu aliyeona nyumba yake ikiungua hawezi kuambiwa arudi kwenye makuti kwa sababu yanapendeza. Matumbawe hai ya baharini nayo hatuwezi kuyavunja tena kama zamani; ndiyo nyumba za samaki wetu. Boriti zina sheria zake: kuuza miti ya mikoko nje ya nchi kulipigwa marufuku tangu 1982, na marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 iliwagusa wakataji wetu wa Lamu, watu wanaoishi kwa miti ya mikoko ya kila unene: fito, pau, mazio na boriti. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii, na inayokatwa ovyo hairudi kwa mwaka mmoja wala miwili. Kwa hivyo sitamwambia mtu ajenge Wiyoni nyumba ya Mkomani, jiwe kwa jiwe. Ninachotaka kihame ni akili iliyomo ndani yake, na hiyo haina bei ya soko.

Niwape mfano wa ploti ile ile, futi hamsini kwa mia. Ule ujia unaozunguka nyumba pande zote, ukizikusanya futi zake zinazopotea ukaziweka katikati, unapata kiwanda. Nyumba inasogea pembeni mwa ploti, ukuta wa nyumba unakuwa ndio ukuta wa ua, na madirisha yanatazama ndani. Mama anapika, watoto wanacheza, nguo zinaanikwa, hakuna jirani anayechungulia, na madirisha yanabaki wazi. Kwa upande wa nje weka matundu ya hewa juu, karibu na dari, mahali ambapo jicho halifiki. Kama ni mabati, yawekee dari, na juu ya dari acha hewa moto ipate pa kutokea kwenye pembe za paa. Bloku ni zile zile. Mifuko ya simiti pengine ikapungua, maana umeokoa ukuta wa ua. Ramani tunazonunua zikiwa tayari zimechorwa kwa ajili ya baridi ya bara, ambako mtu anatafuta jua. Sisi tunatafuta kivuli.

Na ukifika kwenye ukuta wa mbele, rudi ndani futi mbili. Futi mbili tu. Hapo jenga baraza kwa mawe yaliyobaki.

Najua mtakaloniambia, kwa sababu nimeshaambiwa: baraza za siku hizi zitakaliwa na vijana wenye miraa na unga. Dada zangu, nakubaliana nanyi kwamba tatizo la dawa za kulevya lipo na limetuumiza. Lakini wale vijana sasa hivi wanakaa wapi? Wanakaa nyuma ya kuta, kwenye magofu na nyumba zisizokwisha, mahali ambapo hakuna mzee anayepita. Baraza inayotumiwa na watu wa kila rika ina macho. Iliyoachwa kwa vijana peke yao ndiyo inayoharibika, na hilo ni jambo la wazee kurudi kukaa, siyo jambo la kubomoa.

Kuna mtu atasema mitaa ya pembeni haiwezi kuwa na hadhi kama katikati ya mji. Mtu huyo nampeleka Msikiti wa Riyadha. Habib Swaleh, mwenye asili ya Ngazija, hakuuweka msikiti wake Mkomani kwenye nyumba za waungwana. Aliuweka upande wa Langoni, kusini, ukingoni mwa mji wa wakati ule, kwenye mchanga, katikati ya watu ambao mji wa mawe uliwaona wageni na wanyonge. Ni zaidi ya miaka 100 sasa. Mbele ya msikiti paliachwa uwanja wazi. Leo Maulidi ikifika, uwanja ule unabeba ngoma za goma la bakora na uta, kasida na watu waliotoka Pate, Faza, Mombasa, Unguja na Ngazija, na Lamu nzima inageuza uso wake upande ule. Palikuwa pembeni, pakawa moyo. Kilichopafanya hivyo ni elimu na mapenzi ya watu, hilo linatangulia. Lakini kama uwanja ule ungegawanywa ploti, hayo mapenzi yangesimama wapi?

Tazameni na hapa tulipo. Ngome hii ilianza kujengwa karibu na mwaka 1813, ikamalizika 1821. Ikawa jela hadi 1984. Ndani ya kuta hizi watu walihesabu siku zao. Sasa harusi zinafanyika humu, watoto wanasoma maktabani, na sisi tumekaa tunazungumza. Kuta hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba lango lilifunguliwa. Na nje ya lango, pale Mkunguni, mti ndio uliofanya uwanja. Ungeukata ule mti ukaacha kila kitu kingine kama kilivyo, kufikia saa nne asubuhi pangekuwa hapana mtu.

Hapo ndipo naingia kwenye mandhari. Tumezoea kudhani mandhari ni bustani ya hoteli, maua yaliyopangwa na nyasi za kumwagiliwa. Kwetu mandhari ni kivuli, maji na upepo. Mtaa mpya ukipimwa, kabla ya ploti ya kwanza kuuzwa, natamani ziachwe sehemu za miti kama zinavyoachwa njia. Mwarobaini unakua upesi na unavumilia kiangazi. Mkungu unatandaza matawi yake kama dari, na watoto wanapata kungu. Mkwaju unachelewa, lakini atakayekaa chini yake ni mjukuu wa mjukuu. Wapi pa kuanzia? Kwenye misikiti. Kila msikiti wa mitaa ile una mahali pa kutawadhia, na maji ya udhu yanamwagwa mara tano kwa siku, mwaka mzima, yakaishia kwenye shimo au barabarani yakafanya tope. Yaelekezeni kwenye shina la mti. Huo hauhitaji mtu wa kuukumbuka. Waumini watakuwa wanaunywesha bila kujua. Baada ya miaka michache mbele ya msikiti pana kivuli, na penye kivuli jenga baraza, na pembeni yake ya pili, yenye ukuta mfupi wa sitara, kwa ajili ya kina mama wanaongoja watoto wa madrasa.

Juu ya maji nitakaa kidogo, kwa sababu hapa hatuna nafasi ya kukosea. Kisiwa hiki hakina mto. Maji matamu tunayokunywa yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua inanyesha juu ya mchanga, inachujika, inakaa chini ikielea juu ya maji ya chumvi kwa sababu maji matamu ni mepesi. Ukiyavuta kwa pupa, chumvi inapanda. Ukijenga juu ya vilima, ukamwaga simiti na kuchimba mashimo ya maji taka, umezuia mvua kuingia na umeweka uchafu juu ya kisima cha mji mzima. Kila mwenye pesa anapenda kulala juu ya kilima na kuona bahari. Ninaelewa, mandhari ni ya ajabu. Lakini kile kilima ni tangi letu. Msanifu yeyote anayechora nyumba pale anachora kwa kalamu inayokunywa maji ya watoto wa Lamu, na mimi kazi hizo nimezikataa na nitazikataa.

Kwenye mitaa yetu ya tambarare jambo ni lile lile kwa kipimo kidogo. Wataalamu wa afya wanashauri choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Katika ploti zilizobanana, mita 30 haipatikani ndani ya ploti moja. Mimi nikichimba kisima mbele na wewe ukachimba choo nyuma, kisima changu kinakunywa choo chako. Hapa ujanja wa mtu mmoja haufai kitu. Lazima nyumba kumi zikae pamoja ziamue visima viwe upande huu na vyoo upande ule. Wazee wa kale walijenga mji kwenye mteremko, nyusita zikielekea baharini, maji ya mvua yakashuka yenyewe. Mitaa mipya mingine iko bondeni na hakuna aliyetazama maji yatakwenda wapi, hadi mvua ya masika ilipoingia vitandani.

Mafundi wangu, nisiwasahau, maana nyinyi ndio mnaoshika mwiko. Kwa nyumba za mawe za mji wa kale nina ombi moja la kitaalamu: acheni kuzipiga lipu ya simiti. Jiwe letu linavuta unyevu kutoka ardhini, na chumvi iko ndani yake. Chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Simiti inaufungia ndani. Ukuta unaonekana mzuri miezi ya mwanzo, kisha lipu inajitenga, inavimba, inaanguka kipande kizima na kung'oa uso wa jiwe. Nondo zilizotiwa kwenye dari karibu na bahari zinashika kutu, zinavimba, zinapasua zege. Najua chokaa inachukua muda: mawe yapangwe juu ya magogo, yachomwe, yazimwe kwa maji, yalazwe shimoni hadi yalainike. Mteja ana haraka. Lakini nani atamwambia mteja kama si fundi? Na nyinyi mnaochonga mawe Maweni, kule Manda, bado mnatoa jiwe linalofaa kabisa kwa baraza na kuta za chini hata huku mitaa mipya. Jiwe hilo halina aibu kukaa pamoja na bloku. Vijana mnaotafuta kazi, mjifunze chokaa kwa hawa wazee. Wanaoijua vizuri hawaongezeki.

Kuna bandari. Mradi wa Lapsset, wa bandari ya Lamu na njia za usafiri kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Sitaingia kwenye siasa zake. Nasema hivi tu: watu wanakuja, miji ya Mokowe na Hindi, huko bara, inakua, na mji unaokua bila mpango hupangwa na mwenye tingatinga.

Sheria ipo upande wetu kuliko tunavyodhani. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaitaka kaunti ipange maeneo yake kwa kushirikisha wananchi, na anayetaka kuendeleza ardhi aombe kibali. Maana yake, mtaa una haki ya kusimama kwenye mkutano wa mpango na kusema: hapa tunataka uwanja, hapa mti, hapa njia ya maji, na hapa pasijengwe. Tatizo ni kwamba mikutano hiyo tunakwenda kama mashahidi. Tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunakunywa soda, tunarudi nyumbani. Siku nyingine ramani inaletwa imechorwa kwa lugha ya wataalamu, na mzee anaona aibu kuuliza. Mimi na wenzangu wa fani hii tuna deni hapo. Ramani ichorwe ardhini kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi, watu watembee juu yake. Mama akisimama mahali ambapo jiko lake litakuwa, atasema kama upepo utampelekea moshi chumbani. Hiyo ni elimu ambayo karatasi haikupi.

Kwa hiyo leo sitaki tuondoke na makofi. Kuna kipande cha wazi Wiyoni, karibu na msikiti, ambacho bado hakijauzwa, na wazee wa pale wamekubali tukapime. Jumamosi hii, baada ya swala ya alasiri, tukutane hapo. Mafundi waje na kamba na vigingi. Mwenye ndoo ya chokaa aje nayo. Fundi mmoja aliyekaa mstari wa pili ameahidi mawe yaliyobaki kwenye kazi yake; usafiri wa punda tumeshaupata. Tutachora njia ya maji kwanza, kutoka bomba la udhu hadi shimo la mti. Halafu tutapima mahali pa kina mama, kabla ya mahali pa wanaume, kwa hivyo mama zangu msichelewe, na mje na watoto, maana urefu wa baraza tutaupima kwa magoti yao na kwa magoti ya wazee, tuone pa kukutania.